Pete moja, masafa mawili: kwa nini picha ya uga wa karibu haikubaliani na spektra ya mbali

Msomaji anayeandika tasnifu ya uzamili ameuliza hivi: "Mwalimu, nimetengeneza safu ya pete za dhahabu zenye mwanya mmoja juu ya kioo cha kwatzi. Kila pete ina upande wa mikrometa 36 na mwanya wa mikrometa 4, na pete zimepangwa kila baada ya mikrometa 50. Nikipima kwa mbali, spektra inaonyesha bonde safi kwenye terahezi 0.9. Nikilaza fuwele ya galiamu fosfidi juu ya sampuli na kupiga picha ya uga wa karibu, mwanya unang'aa zaidi kwenye 0.6 hivi, na picha nzima ina ukungu. Spektra ya kila nukta ina viwimbi vinavyojirudia kila terahezi 0.15, tena kuna mstari mwembamba mweusi kwenye 0.557 usiohama popote. Wenzangu wanasema nimekosea kupima. Kipimo kipi ni cha kweli? Na nikiulizwa, nitaelezaje kwamba nauona mwanya wa mikrometa 4 kwa wimbi lenye urefu wa nusu milimita?"

Ndugu yangu, hukukosea kupima. Vipimo vyote viwili ni sahihi, ila kila kimoja kimepima kitu chake. Ulipopima kwa mbali, pete zilikuwa na kwatzi chini na hewa juu. Ulipopima kwa karibu, pete hizo hizo zilikuwa zimebanwa kati ya kwatzi na galiamu fosfidi. Ukizitazama kwa macho ni zile zile, lakini kwa umeme zimekuwa pete nyingine. Nitakuonyesha kwa hesabu. Acha nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu mengine yote yamesimama juu yake.

Kanuni ya Ernst Abbe ya mwaka 1873 inasema hadubini haiwezi kutenganisha alama mbili zilizokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi. Kwenye terahezi 0.6, yaani mitetemo bilioni 600 kwa sekunde, wimbi lina urefu wa mikrometa 500, kwa hiyo kwa lenzi na vioo peke yake ungeishia kwenye robo ya milimita. Katika mraba wa robo milimita zinaingia pete zako ishirini na tano, na zote zingekuwa doa moja. Kanuni hiyo ingali imesimama. Ina sharti moja tu ambalo watu hulisahau: inahusu mwanga uliokwisha kuondoka kwenye kitu na kusafiri. Habari za vitu vidogo kuliko wimbi zipo, zimeandikwa kwenye uga wa umeme ulioikumbatia dhahabu, lakini hazina uwezo wa kusafiri. Zinafifia papo hapo juu ya uso wa sampuli (uga huo usiosafiri ndio uitwao uga wa karibu), na kadiri kitu kilivyo kidogo ndivyo habari zake zinavyofifia upesi.

Upesi kiasi gani? Chukua mchoro wa uga unaojirudia kila baada ya umbali d. Ukipanda juu ya sampuli kwa kimo z, ukubwa wa uga huo hupungua kwa kipeo cha e chenye thamani ya −2πz/d. Mchoro unaojirudia kila mikrometa 50, yaani ule wa safu yako nzima, ukipanda mikrometa 10 unabaki na asilimia 28. Mchoro wa mikrometa 10, ambao ndio unaobeba umbo la mwanya wako, ukipanda mikrometa 3 unabaki na asilimia 15. Panda nao hadi mikrometa 10, unabaki na asilimia 0.2. Tazama vizuri: urefu wa wimbi la terahezi haumo kabisa kwenye hesabu hii. Ukali wa picha yako unaamuliwa na umbali kati ya kipokezi na dhahabu, pamoja na ukubwa wa sehemu ya kipokezi inayosikia. Atakayekuuliza mpe jibu hilo: kipokezi kimeingia ndani ya eneo ambalo habari bado hazijafa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Edward Synge wa Ireland alilichapisha mwaka 1928, akipendekeza mwanga upitishwe kwenye tundu dogo kuliko wimbi, kisha tundu hilo litembezwe juu ya sampuli. Mwaka 1972 Ash na Nicholls wa University College London walilithibitisha kwa mikrowevu zenye urefu wa sentimita 3, wakapata ukali wa sehemu ya 60 ya wimbi. Ugumu wa tundu ni kwamba linapitisha kidogo mno. Hans Bethe alionyesha mwaka 1944 kuwa uga unaopita hupungua kwa mchemraba wa kipenyo: tundu likipunguzwa nusu, uga unashuka mara 8 na nguvu mara 64. Ndiyo maana wanaofanya kazi ya terahezi kwa tundu hulisogeza karibu kabisa na antena ya kupokea, ili wadake kile kidogo kilichopenya kabla hakijatawanyika.

Wengine walichukua njia ya ncha. Mwaka 2008 Huber, Keilmann, Hillenbrand na wenzao waliangaza leza ya gesi ya terahezi 2.54 kwenye ncha ya hadubini ya nguvu za atomu wakapata ukali wa nanometa 40, karibu sehemu ya 3,000 ya wimbi, na waliweza kuona ndani ya transista moja moja. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Hata hivyo, kwa pete za mikrometa 36 sioni sababu ya wewe kukimbilia huko. Ncha ya chuma ni antena, na antena ukiiweka juu ya mwanya wa rezoneta (kitu kinacholia kwa masafa yake, kama pete yako) huongea nayo kwa sauti kubwa. Utapata picha kali sana ya pete na ncha kwa pamoja, na kuzitenganisha kwa hesabu si kazi ndogo.

Wewe umetumia fuwele, na kwa vitu vya ukubwa wako ningefanya hivyo hivyo. Kwa kuwa matatizo yako yote yanatoka ndani ya fuwele hiyo, tuiangalie kwa karibu.

Galiamu fosfidi ikiingiwa na uga wa umeme hubadilisha kidogo mwendo wa mwanga unaopita ndani yake, na badiliko hilo hutofautiana kulingana na mwelekeo wa mtetemo wa mwanga. Mpigo wa leza wenye upana wa femtosekunde 100 hivi unapita, mtetemo wake unapotoka kidogo, na upotofu huo unalingana na uga uliokuwapo pale, saa ile. Doa la leza likiwa na kipenyo cha mikrometa chache, hapo umepata nukta moja ya picha. Ukiuchelewesha mpigo hatua kwa hatua, unaupata uga wenyewe kadiri unavyopanda na kushuka katika muda. Huu ni uzuri ambao hadubini ya kawaida haina: unapata uga na fezi yake (mahali wimbi lilipo katika mzunguko wake), wakati kamera ya kawaida ingekupa mwangaza tu.

Lakini upotofu huo ni mdogo sana. Fanya hesabu na leza ya nanometa 800, fuwele ya mikrometa 20, na uga wa volti 10,000 kwa mita. Utapata kama sehemu 5 kwa 100,000. Watu hushawishika kutumia fuwele nene kwa sababu hiyo, maana ishara hukua pamoja na unene. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwako pia. Nasema nadhani, lakini viwimbi vyako vimenieleza mengi. Mpigo wa terahezi ukiingia kwenye fuwele hugonga uso wa nyuma, hurudi, na hugonga tena wa mbele. Galiamu fosfidi hupunguza mwendo wa wimbi la terahezi mara 3.3. Viwimbi vinavyojirudia kila terahezi 0.15 vina maana kwamba mwangwi unarudi baada ya pikosekunde 6.7 (pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde), na kwa mwendo huo safari ya kwenda na kurudi inahitaji unene wa mikrometa 300. Pima fuwele yako. Nitashangaa sana ikiwa mbali na hapo.

Unaweza kuwaza kuukata mwangwi kwa kufupisha dirisha la muda hadi pikosekunde 6. Usifanye hivyo kwa pete. Dirisha la pikosekunde 6 haliwezi kutenganisha masafa yaliyokaribiana kuliko terahezi 0.17, na zaidi ya hapo, pete yenyewe bado inalia. Rezoneta yenye kipimo cha ubora Q (kinachoeleza mlio unadumu kiasi gani kabla ya kuzimika) cha 10 kwenye terahezi 0.6 huhitaji kama pikosekunde 5.3 ili uga wake ushuke hadi asilimia 37. Ukikata kwenye 6 unakata mlio katikati, na kilele chako kitanenepa kwa sababu ya mkasi wako, wakati pete haina kosa. Dawa yake ni fuwele nyembamba iliyobandikwa juu ya kipande kinene cha galiamu fosfidi hiyo hiyo kilichokatwa kwa mwelekeo usiosikia uga wa mlalo. Sehemu inayosikia iwe ya mikrometa 20 au 30, kitako chake kiwe milimita 3. Kwa kuwa ni kitu kile kile, wimbi halioni mpaka kati ya vipande viwili, na mwangwi unarudi baada ya pikosekunde 66, mlio wa pete ukiwa umekwisha kuzimika siku nyingi.

Sasa tuje kwenye terahezi 0.9 na 0.6.

Pete yenye mwanya, kama walivyoipendekeza Pendry na wenzake mwaka 1999, ni koili ya mzunguko mmoja iliyounganishwa na kapasita. Dhahabu inayozunguka ndiyo koili, na mwanya ndio kapasita. Mkondo huzunguka, chaji hujilimbikiza kwenye kingo za mwanya, hurudi, hujilimbikiza upande wa pili. Masafa ya mlio yanashuka kwa mzizi wa pili wa kapasita. Na kapasita haijali dhahabu tu, inajali kilichojaa kuzunguka mwanya: nusu ya uga inapita chini kwenye kitako, nusu inapita juu. Kwatzi iliyoyeyushwa ina kipimo cha dielektriki (jinsi kitu kinavyoikuza kapasita) cha karibu 3.8 na hewa 1, wastani wake 2.4. Ondoa hewa, weka galiamu fosfidi yenye karibu 11, na wastani unaruka hadi 7.4. Gawanya 2.4 kwa 7.4, chukua mzizi wa pili, unapata 0.57. Zidisha kwa 0.9.

Ni terahezi 0.51. Pete zako zilipaswa kushuka hadi hapo.

Ila wewe umepata 0.6, na tofauti hiyo isikusumbue, maana nayo ni kipimo. Fuwele ingegusa dhahabu kila mahali ungepata karibu 0.51. Ungepata 0.9 kama ingekuwa mbali sana. Kupata 0.6 ni kusema kuna nafasi nyembamba katikati, ya mikrometa moja au chache. Inaweza kuwa ni tabaka la kioo cha kuakisi leza lililopakwa chini ya fuwele, ambalo kwa kawaida lina unene wa mikrometa mbili hivi. Inaweza pia kuwa chembe ya vumbi. Nimewahi kutumia wiki tatu nikiamini kwamba pete za upande wa kushoto wa sampuli yangu zilikuwa zimetengenezwa tofauti na za kulia, kwa sababu masafa yao yalipanda taratibu kutoka kulia kwenda kushoto. Nilichora grafu, nikatafuta sababu kwenye upana wa mistari ya dhahabu, hata nikarudi kupima unene wake. Chembe moja ilikuwa imekaa chini ya ukingo wa kushoto wa fuwele na kuiinua. Tangu siku hiyo, kabla ya kuanza kupima, huangalia fuwele na sampuli kwa mwanga wa rangi moja kutoka juu. Mistari ya mwanga na giza huonekana papo hapo, na kila mstari ni badiliko la nusu ya urefu wa wimbi la mwanga huo. Ukitumia mwanga mwekundu wa nanometa 600, mistari 17 kutoka ukingo hadi ukingo ni mwinamo wa mikrometa 5. Kwa mwanya wa mikrometa 4, mwinamo huo unatosha kuifanya nusu ya ramani yako isimulie jambo jingine.

Kwa hiyo chora ramani moja zaidi kutoka kwenye data uliyo nayo tayari. Badala ya ukubwa wa uga, kwa kila pete andika masafa ambayo mwanya wake unang'aa zaidi. Yakipanda au kushuka kwa utaratibu upande mmoja, fuwele imeinama. Yakiruka ruka bila mpango, hapo ndipo ufikirie kwamba pete zinatofautiana kweli.

Mstari wa 0.557 nitaumaliza upesi: ni mvuke wa maji hewani. Maji yana mstari wenye nguvu hapo hapo, mwingine kwenye 0.752, mwingine kwenye 0.988. Alama ya kuutambua umeshaitaja mwenyewe uliposema hauhami popote. Funika njia nzima ya boriti, jaza nitrojeni kavu, subiri hadi mstari uzimike ndipo uanze. Ni muhimu zaidi kwako kuliko kwa mwingine, kwa sababu rezonansi yako iliyoshuka imeangukia jirani na mstari huo, na maji yanaweza kula bega la kilele chako ukadhani kilele kimehama.

Ukungu una sababu mbili. Ya kwanza ni umbali, na hiyo tumeshaihesabu. Ya pili ni unene wa fuwele. Leza yako inakusanya upotofu katika njia nzima, mikrometa zote 300. Uga wa mwanya umo katika mikrometa 10 za kwanza tu. Tuseme mwanya umekuza uga mara 10: mchango wake ni 10 mara 10, yaani 100. Wimbi la kawaida lililopita bila kuguswa linachangia 1 katika mikrometa zote 300, yaani 300. Ni hesabu ya haraka, lakini inaonyesha hali ilivyo: ulichokifuata ni robo ya ishara, robo tatu ni wimbi la mwanzo limetanda juu ya picha kama nuru ya mchana juu ya taa. Fuwele nyembamba ya mikrometa 20 inageuza uwiano huo: 100 dhidi ya 20.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi, maana inaondoa tatizo kwenye mzizi. Wimbi lako la mwanzo linashuka wima juu ya sampuli, kwa hiyo uga wake umelala sambamba na uso. Halina uga wa wima hata kidogo. Uga wa wima, Ez, unazaliwa na chaji zilizojaa kwenye kingo za dhahabu, na chaji hizo ndizo unazozitafuta. Fuwele iliyokatwa kwa uso wa 110 inasikia uga wa mlalo. Iliyokatwa kwa uso wa 100, leza ikipita wima, inasikia wa wima peke yake. Badilisha fuwele, na mandhari ya nyuma inakuwa nyeusi. Utaona kingo mbili za mwanya, moja chanya na nyingine hasi, zikibadilishana ishara kila nusu mzunguko. Mara ya kwanza nilipoona jambo hilo likitokea kwenye skrini, hatua kwa hatua, nilikaa nikaangalia hadi usiku. Mkondo unaozunguka dhahabu, ambao miaka yote nilikuwa nauchora ubaoni kwa mshale, ulikuwa pale.

Huenda wenzako watauliza: kama kipokezi kinabadilisha kinachopimwa, kwa nini usitosheke na spektra ya mbali na uigaji wa kompyuta? Ni swali la haki. Boriti ya milimita 2 inafunika pete zako zaidi ya 1,200, na bonde la 0.9 ni wastani wa zote. Pete kumi zikiwa zimekatika wakati wa kutengenezwa, bonde halitakuambia. Ramani itakuonyesha kila moja, kwa mahali pake. Pili, kuna mitetemo ambayo haitoi wimbi la kwenda mbali, au hutoa kidogo sana, kwa sababu mikondo yake inafutana. Kwenye spektra ya mbali mitetemo hiyo huonekana kama kasoro nyembamba pembeni mwa bonde, au haionekani kabisa. Kwa karibu inang'aa kama mingine, na wanaotafuta rezonansi zenye Q kubwa huitafuta hiyo hasa. Na kuhusu uigaji, kompyuta inaiga pete uliyoichora. Pete iliyotoka maabara ina pembe zilizojikunja, mwanya wa 4.3 badala ya 4, na dhahabu yenye ukwaruzo.

Kwa hayo yote, ushauri wangu ni kwamba uiamini fezi kuliko ukubwa wa uga. Nguvu ya leza hupanda na kushuka kwa saa, na ramani ya nukta 10,000 kwa sekunde 20 kila nukta ni saa 55. Hakuna leza inayokaa tuli saa 55. Ukubwa wa uga wa nukta ya mwisho hauwezi kulinganishwa na wa kwanza mpaka urudi mara kwa mara kwenye nukta ya rejea penye kwatzi tupu. Kila baada ya mstari mmoja wa picha inatosha. Fezi haiyumbishwi na nguvu ya leza. Nayo ina saini isiyodanganya: chini ya rezonansi uga wa mwanya unakwenda pamoja na wimbi la mwanzo, kwenye rezonansi unachelewa kwa nyuzi 90, juu yake unakaribia 180. Ukiona mwanya unang'aa lakini fezi haijavuka 90, hapo pana kitu kingine, pengine kilele cha viwimbi vya mwangwi. Fanya ukaguzi huo kwenye 0.6 yako kabla hujaandika neno lolote kwenye tasnifu. Kama huna saa 55, simamisha ucheleweshaji kwenye wakati mmoja baada ya mpigo kupita, piga picha ya wakati huo peke yake, kisha rudia kwa nyakati chache. Timu ya Kyoto iliyoonyesha mwaka 2011 hadubini ya uga wa karibu yenye kamera ilikwepa muda unaopotea kwa kutembeza nukta kwa kuangaza fuwele nzima kwa pamoja.

Hukuniuliza kuhusu uga wa sumaku, lakini mwenye pete atauhitaji, kwa sababu pete ilibuniwa kwa ajili yake. Fuwele yako haisikii sumaku. Hata hivyo sheria ya Faraday inasema kwamba uga wa umeme unaozunguka ndio badiliko la uga wa sumaku. Pima Ex na Ey, yaani uga wa umeme wa mlalo kuelekea x na kuelekea y, kwenye ramani moja, kwa kimo kimoja, tafuta kwa kila nukta tofauti kati ya mteremko wa Ey kuelekea x na mteremko wa Ex kuelekea y, gawanya kwa 2π mara masafa, na Bz, yaani uga wa sumaku wa wima, imepatikana. Bitzer, Walther na wenzao wa Freiburg walichapisha ramani za namna hiyo mwaka 2009 kwa metamateriali bapa (safu za miundo midogo kama pete zako), wakitumia antena ndogo kama kipokezi. Mwaka 2012 timu iliyokuwa na Planken wa Delft na Averitt ilipima uga wa sumaku moja kwa moja, kwa fuwele ya terbiamu-galiamu ganeti, ambayo hupotosha mtetemo wa leza kwa sumaku. Kwa data yako anza na Faraday, kwa tahadhari moja: kutafuta mteremko hukuza kelele, kwa hiyo hatua zako za mikrometa 2 zipitishwe kwanza kwenye wastani wa jirani. Matokeo yakaguliwe hivi: Bz iwe ya ishara moja ndani ya pete nzima na igeuke ishara nje ya dhahabu. Isipokuwa hivyo, Ex na Ey hazikupimwa kwa kimo kimoja.

Kuhusu wenzako, kuna jaribio la dakika kumi litakalomaliza ubishi, na linahitaji vitu ulivyo navyo. Acha fuwele juu ya sampuli kama ilivyo, usiiguse. Ondoa leza ya kusomea, rudisha kipokezi cha mbali, na pima spektra ya kawaida kupitia kwatzi, pete na fuwele kwa pamoja. Pima tena na kipande cha kwatzi tupu chini ya fuwele hiyo hiyo kwa ajili ya rejea. Bonde la 0.9 litakuwa limetoweka, na jingine litakuwa karibu na 0.6. Kisha weka utando wa plastiki wa mikrometa 12 kati ya fuwele na pete, upime tena: bonde litapanda kuelekea 0.9, na picha yako ya karibu itapoteza mwanya. Weka grafu hizo tatu kwenye ukurasa mmoja wa tasnifu, na chini yake uandike unene wa nafasi kwa kila moja.